Mwoga Aliyepika Dizeli

Sijawahi kumwona mtu mzima mwoga kama Mwalimu, na nimeishi na waoga wengi, mimi mwenyewe nikiwemo. Radi ilimtisha kiasi kwamba wingu likianza kujikusanya upande wa Urambo, yeye alikuwa ameshazima redio, ameshatoa betri na kuifunika kwa blanketi. Mbwa wadogo aliwaogopa kuliko wakubwa, akisema wakubwa angalau wanajulikana wanataka nini. Akilazimika kwenda mjini kwa bodaboda alimsihi dereva aende polepole mpaka kina mama waliojitwika kuni wakawapita na kuwaaga. Na mtu huyohuyo, kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba yake hapa Ntalikwa, alikuwa anachanganya vitu viwili: kimoja kinababua ngozi kama maji ya moto, kingine kinashika moto ambao mchana huuoni kwa macho, na ukikinywa kinaweza kukupofusha kabla hakijakuua.

Alikuwa anapika dizeli.

Yeye mwenyewe hakunitisha. Nani angetishwa na mzee mwembamba aliyefunga suruali kwa kamba ya katani? Lilinitisha banda lake. Nilikuwa naamka asubuhi, naangalia kwanza upande ule kama bado limesimama, ndipo nanawa uso. Yeye akiniona nachungulia aliniita kwa sauti, "Umeogopa, binti yangu?" Nikimjibu ndiyo, Mwalimu, shikamoo, aliitikia "Marahaba" kwa furaha ya kweli, kama mtu aliyepewa habari njema. Kwake woga ulikuwa ni dalili ya akili timamu. Aliwahi kumfukuza bandani kijana mmoja fundi wa pikipiki, mchapakazi mzuri, kwa kosa la kupiga mluzi wakati wa kuchanganya. "Anayepiga mluzi ameshaacha kuogopa," alisema, "na mimi sitaki kuzika mtu."

Alikuwa amefundisha kemia shule za sekondari mpaka akastaafu, na ualimu haukumtoka. Ukimwuliza bei ya chumvi alikueleza kwanza chumvi ni nini. Wanaume kwa wanawake walikuwa wanamkwepa njiani, hasa kwenye ile barabara pana ya mchanga ambayo wazee bado wanaiita njia ya misafara, maana nyumba yake ilikuwa pembeni yake na hapakuwa na pa kujificha. Zamani walipita wapagazi kwenda Ujiji. Siku hizi zinapita baiskeli za mkaa, na Mwalimu aliwasimamisha wauza mkaa mmoja mmoja, akiwaeleza kinachotokea ndani ya tanuri lao, huku jua linawachoma.

Baba yangu ndiye alikuwa na mashine ya kusaga, na mimi ndiye niliyeiwasha na kuizima. Ni mashine kongwe, inakunywa dizeli kama ng'ombe aliyetoka malishoni, na dizeli ilikuwa inatoka mjini kwenye madumu. Barabara ikiharibika au mfuko ukikauka, mashine inanyamaza, na kina mama wanabeba mahindi yao mpaka kata ya jirani au wanatwanga. Mwalimu aliishi karibu na sisi kiasi cha kuusikia ukimya huo. Alisema ulimtia hofu kuliko radi. Akija kutuuliza, "Leo vipi, mbona kimya?" alikuwa na uso wa mtu anayeulizia mgonjwa.

Ndiyo maana alianza. Watu walimzushia kwamba anataka utajiri, wengine kwamba anatafuta jina, lakini mimi niliyekuwa jirani yake najua kwamba mzee yule alitaka kulala usingizi wake wa mchana huku mashine inanguruma.

Mafuta aliyapata sehemu mbili. Ya kwanza ni kwa wakaanga chipsi wa Mtendeni, mjini, waliomwekea mafuta yaliyokaangiwa mpaka yakawa meusi, yasiyofaa tena hata kwa mandazi. Ya pili ni mbegu za mbono. Na mbono kwetu, kama unavyojua au kama hujui, ni mti wa makaburini. Hupandwa kwenye mipaka ya mashamba pia, lakini ile mizee, inayozaa sana, iko kwa wafu. Sasa fikiria mtu anayeogopa kivuli chake anakwenda makaburini na gunia. Alikwenda saa sita mchana tu, rozari mfukoni, na alipofika aliinama akabisha hodi. "Hodi wenyeji. Nachukua zilizoanguka tu. Za mtini sigusi." Watoto waliomfuata kumsikiliza walirudi wakitetemeka, na mwezi ule mzima hapakuwa na mtoto aliyekataa kuoga jioni akiambiwa Mwalimu anakuja.

Minong'ono ilikuwepo. Mashine inayosaga kwa mafuta ya makaburini, unga wake ukoje? Kuna mama mmoja alininong'oneza kwamba ugali wake siku hizi unachelewa kuiva. Nilimwambia apunguze maji. Lakini na mimi, Mungu anisamehe, niliunusa unga wangu.

Siku ya kwanza kuiwasha mashine kwa dizeli yake, Mwalimu hakuwapo karibu. Alijificha nyuma ya ukuta wa jiko letu na ndoo ya mchanga mkononi, akaniacha mimi na Baba mbele ya injini. Nilizungusha mpini. Ilikohoa, ikatoa moshi, ikashika. Na moshi ule ulinukia chipsi. Sikutegemea. Watoto walitoka kila nyumba na macho yamewatoka wakiuliza zinauzwa wapi, na Baba alicheka mpaka kofia yake ikaanguka kwenye pumba. Mwalimu alitokeza kichwa.

"Imelipuka?"

"Inasaga, Mwalimu."

"Basi izimeni. Imetosha kwa leo, tusiisumbue."

Hatukuizima. Alikaa pale juu ya gunia mpaka jioni, akiisikiliza, mkono mmoja bado uko kwenye ndoo ya mchanga.

Katika mambo mengine mtu huyu hakuwa mwoga hata kidogo, na hilo sijawahi kulielewa. Walikuja wageni fulani na gari zuri, wakaitisha mkutano, wakataka wanakijiji wang'oe mahindi na karanga wapande mbono ekari kwa ekari, kwamba kuna soko kubwa nje. Mambo hayo yalishawahi kupita huku, watu wakapanda, wanunuzi hawakurudi. Mwalimu, ambaye hakuthubutu kumkaripia kuku, alisimama katikati ya mkutano na kusema, "Mbono ni mti wa mpakani na wa kaburini. Ubaki hukohuko. Atakayewaambia mng'oe chakula kwa ajili ya mafuta, mwonyesheni njia aliyojia." Mgeni alipomwuliza yeye ni nani hasa, alijibu, "Mimi ndiye ninayeyapika. Nayapika ya mashine moja. Mashine moja ikisaga, inanitosha." Kisha akakaa, maneno yameshatoka.

Alikuwa mchoyo wa sukari. Chai yake ilikuwa maji ya moto yaliyokumbuka sukari. Lakini kile kizito kinachobaki chini dizeli inapojitenga juu, alikichemsha akatengeneza sabuni ya rangi ya asali, na hakuna mwanamke aliyejifungua Ntalikwa ambaye hakuletewa kipande mlangoni. Alikiacha juu ya kizingiti na kukimbia, akiogopa kuonyeshwa mtoto mchanga.

Rafiki yake mmoja tu alikuwa Baba. Sijui niuite urafiki, maana sikuwahi kuwasikia wakikubaliana. Jioni walikaa nje ya chumba cha mashine wakabishana. Kama treni ya Mwanza imechelewa au imewahi. Kama nyuki wa mwaka huu ni wakali kuliko wa mwaka jana. Baba alikuwa mtu wa swala tano, hajawahi kuonja pombe, mkaidi kupita kiasi. Akimwona Mwalimu anakuja alimwita tokea mbali, "Mwangaluka, mzee wa sumu!" na Mwalimu alijibu kwamba ni jioni, hiyo ni salamu ya asubuhi, na ubishi ukawa umeshaanza.

Sumu yenyewe ilikuwa ni methanoli. Sisi tuliiita spiriti. Ilitoka mbali, kwenye pipa, na Mwalimu aliigawa kwenye madumu bandani. Inaonekana kama maji ya kisima. Inanuka kama gongo. Na nyumba ya nne kutoka kwake ilikuwa inauza gongo, walevi wanatoka pale wakiyumba na kushika ukuta wa banda lake wasianguke. Hilo ndilo lililomkosesha amani. Alinieleza mara nyingi, sauti chini, kwamba mtu akinywa hii hatalewa sana, atajiona mzima, atalala, na kesho yake ndipo nuru ya macho itakapoanza kumtoka. Kila alipolieleza mwili ulinisisimka, na nadhani ndicho alichotaka.

Alifunga banda kwa kufuli mbili. Funguo za akiba alimpa mtu mmoja, Baba, na alisema kwa nini mbele yetu sote: "Kwa sababu huyu hanywi." Baba alizivaa shingoni chini ya kanzu. Tukiishiwa dizeli Mwalimu akiwa hayupo, Baba alikwenda kuchukua dumu lake.

Kisha mtu mmoja alibandua bati la nyuma. Alfajiri Mwalimu alikuta bati limekunjwa na dumu moja la mafuta machafu ya chipsi halipo. Mwizi alikosea dumu, akanywa alichokunywa, na akaharisha, hilo tu. Kijiji kilicheka wiki nzima. Mwalimu hakucheka. Alikuja kwetu uso umemgeuka majivu, akakaa. "Angechukua la pembeni yake," alisema. "Lilikuwa hapohapo. Lilikuwa linagusana nalo." Siku zile alikonda. Nilimsikia usiku anatoka kwenda kushika kufuli zake, anarudi, anatoka tena.

Hofu ile ndiyo iliyomwonyesha la kufanya. Alikausha majani ya mwarobaini juani mpaka yakawa makavu kabisa, akayatumbukiza kwenye madumu ya spiriti. Ikawa ya kijani, chungu kiasi kwamba tone moja ulimini linakaa mpaka kesho yake. Hakuna mlevi duniani, alijiambia, atakayemeza hiyo. Atatema na atapona. Alijua dizeli yake ingetoka na rangi mbaya, akaona heri rangi kuliko roho ya mtu. Na hakumwambia yeyote, hata Baba, hata mimi, maana alihofu siri ikitoka walevi watatafuta namna ya kuyachuja majani.

Naomba uelewe jambo moja kuhusu kwetu. Mwalimu alifikiri kama mwalimu wa kemia: kitu kichungu hakinyweki. Lakini huku mtoto anazaliwa anaogeshwa maji ya mwarobaini. Homa, mwarobaini. Minyoo, mgongo, damu chafu, mwarobaini. Mzee akionja kitu kikali kichungu hakitemi, anauliza kimechemshwa na nani. Kwetu uchungu ndio unaokuhakikishia kwamba hukupewa maji matupu. Mwalimu alikaa nasi miaka yote ile, akanywa mwarobaini wetu alipougua, na bado siku ya kufikiri kwa haraka na kwa woga, hilo halikumjia.

Baba alikuwa na homa. Ya kupanda na kushuka, ya siku kadhaa, na zahanati alikataa kwenda kwa sababu ni mkaidi, nimeshasema. Mwalimu alikuwa amekwenda Mtendeni kufuata mafuta, na angelala huko. Dizeli ilituishia. Baba akatoa funguo shingoni, akaenda bandani mwenyewe.

Spiriti aliijua. Nyeupe kama maji, dumu la pembeni, hilo asingeligusa hata kwa fimbo. Alichokiona mara hii ni madumu yenye kitu cha kijani, majani yametulia chini. Alifungua moja, harufu ya mwarobaini ikampanda. Harufu nyingine alidhani ni ya banda, maana banda lote lilinuka hivyo. Akaonja kidogo kwa kidole. Uchungu wa kweli. Akajiambia, kumbe! Huyu mzee ana dawa nzuri namna hii, kali kuliko ya mama yeyote wa kijijini, na ametuficha sisi, anatutisha kila siku tusikaribie, kama waganga wanavyofanya ili tusijue miti yao. Akajimiminia nusu kikombe. Akaja nyumbani na dumu la dizeli mkononi, akalala mapema, akasema amejisikia mwepesi.

Asubuhi alikuwa na kichwa kizito, akasema ni homa inatoka. Mchana nilikuwa nasaga mahindi ya mama mmoja wa jirani, Baba akaja akasimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Alikuwa anapepesa macho.

"Mwajuma, nani kamwaga unga humu ndani?"

"Unga gani, Baba?"

"Hewa yote nyeupe. Zima mashine uutulize kwanza."

Palikuwa safi. Jua lilikuwa linaingia mpaka kwenye pembe. Niliizima mashine, na katika ule ukimya nikaelewa, kwa sababu nilikuwa nimeshaelezwa mara nyingi mno jinsi inavyoanza. Nilimwuliza amekula nini, amekunywa nini. Alinijibu kwa fahari kidogo, "Dawa ya Mwalimu. Ile anayotuficha." Sikumbuki nilivyopiga kelele. Yule mama aliniambia baadaye kwamba nilipiga.

Mwalimu alitukuta hospitali mjini. Bodaboda niliyemtuma Mtendeni alimleta mbio, na safari ile hakumwambia dereva aende polepole. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, anauliza mzee amekunywa nini na mimi nashindwa hata kulitamka. Mwalimu alijipenyeza mbele yetu. Nilitegemea ataficha. Mwoga yeyote angeficha.

"Methanoli. Ni yangu. Mwarobaini nimeweka mimi."

Daktari alimtazama, akauliza kiasi na wakati, akaanza kuagiza dripu na dawa kwa haraka. Kisha akageuka akatuambia jambo nililodhani ni mzaha. Ipo dawa maalumu ya sumu hii lakini hatutaipata leo. Badala yake mzee atapewa pombe kali, kwa kipimo, mfululizo. Pombe ya kawaida ingeizuia ile nyingine isigeuke sumu mwilini wakati wao wanamsafisha.

"Na nataka ya dukani, yenye lebo," alisema. "Msiniletee gongo, jamani. Mmenisikia?"

Mwalimu alikuwa ameshatoka. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga baa alirudi na chupa zimemjaa kwapani, shati limelowa jasho.

Baba alikataa. Alikuwa amelala, macho wazi yakitafuta mahali pa kutua, na alipoelewa alichoambiwa alifunga midomo kama mtoto. "Sijaonja tangu nizaliwe. Leo nikafike kwa Mola wangu ninanuka?" Nilimbembeleza. Daktari alimweleza kwamba ni dawa. Alitikisa kichwa. Muda ulikuwa unakwenda na mimi niliuona ukienda, nilitaka kumshika taya nimfungue kwa nguvu, baba yangu mzazi.

Mwalimu alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mzee mwenzangu. Niamini mara moja hii tu."

"Ningekuamini," Baba alisema, "nisingeligusa lile dumu. Nilikudhania mchoyo."

"Nilikuwa mchoyo. Sikukuambia. Sasa nakuambia: kunywa."

Baba alisoma dua yake, ndefu, midomo ikicheza bila sauti, akanyoosha mkono mahali ambapo kikombe hakikuwepo. Mwalimu alikipeleka mkononi mwake.

Kwa hiyo baba yangu alilewa, wodini, mara ya kwanza na ya mwisho. Alicheka. Alimwambia daktari kwamba ana sauti ya ndege. Akaanza kubisha kwamba treni ya Mwanza jana ilipita kabla ya adhuhuri, na Mwalimu, akiwa bado sakafuni, machozi yanamchuruzika puani, alimbishia. Aliipinga kila hoja. Haikupita, mzee, mimi nilikuwepo. Ilipita, wewe ulikuwa umejifunika blanketi. Waliendelea hivyo kikombe baada ya kikombe, Baba akisinzia Mwalimu anaanzisha ubishi mwingine, mpaka daktari mwenyewe akageuka ukutani, sijui alikuwa anacheka au analia. Mimi nilikaa kwenye benchi nikiwa nimejikumbatia. Sijawahi kuogopa vile, wala siombi tena.

Alipona. Namaanisha hakufa. Siku chache baadaye Mwalimu alisimama mbele yake, mgongo kwenye dirisha, akamwuliza kwa sauti ndogo anaona nini. Baba alifikiri.

"Naona kuna mlango," alisema.

Hapakuwa na mlango upande ule. Palikuwa na Mwalimu na mwanga nyuma yake, na hivyo ndivyo macho ya Baba yalivyobaki.

Mwalimu alirudi Ntalikwa kabla yetu. Alichoma spiriti yote shimoni mbali na visima, akabomoa banda, mabati akampa mama wa gongo aezeke jiko. Tulipofika nyumbani alikuwa ameshakwenda Bukene, kwa binti yake, bila kuaga. Nilimchukia. Nilimchukia kwa kukimbia zaidi ya nilivyomchukia kwa mwarobaini. Mashine tulirudi kuilisha ya mjini, siku inasaga, siku imenyamaza, na Baba alikaa nje jioni akiwa amegeuzia uso barabarani, hasemi.

Miaka imepita. Mwaka huu, baada ya mavuno, Baba alisema anataka kwenda Bukene. Nilimwuliza kufanya nini. Alisema, "Kwani kwenda Bukene ni mpaka mtu awe na la kufanya?" Tukapanda treni, na ikachelewa.

Nyumba ya binti yake haiko mbali na stesheni. Ina baraza ya juu, iliyoinuliwa kwa sababu ya maji ya mvua, na mbele yake mtaro wa kina uliojengewa mawe. Mwalimu alikuwa amekaa barazani anachagua mchele kwenye ungo. Alikuwa amezeeka vibaya. Alituona tunakuja, mimi nimemshika Baba kiwiko, na nikaona hofu ikimpanda usoni kama nilivyokuwa naijua. Akainuka taratibu. Akaweka kidole mdomoni, akinitazama. Akatikisa kichwa. Usimwambie.

Binti yake alimtazama, akanitazama, aibu ikamjaa. "Shikamoo, baba. Karibuni. Mwalimu... Mwalimu ametoka kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Tutamsubiri."

Baba aliketi kwenye kiti. Mwalimu alibaki amesimama ukutani, hatua mbili kutoka kwake, hapumui. Ningeweza kusema. Ulimi ulikuwa mzito, sijui kwa hasira au kwa huruma, na nilihofu kwamba mmoja wao angeanguka pale akafa. Baba alinywa maji, akamwuliza binti habari za mpunga. Baadaye alisema, "Naona hatorudi leo. Basi mwambie hivi. Mwambie sikuja kudai macho. Macho yameshakwenda. Nimekuja kwa sababu kule nyumbani kila mtu ananikubalia. Nikisema mvua itanyesha, ndiyo mzee. Nikisema haitanyesha, ndiyo mzee. Wananionea huruma mpaka nachoka. Sina mtu wa kubishana naye."

Mwalimu alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Niliinama kuchukua kikapu chetu nyuma ya kiti. Baba hakunisubiri, ukaidi wake uko palepale. Aliinuka, akageuka, akaanza kutembea kwa ujasiri wa mtu aliye nyumbani kwake, moja kwa moja kuelekea ukingo wa baraza na ule mtaro wa mawe. Nilimwona nimeshachelewa.

Mwalimu aliruka. Sina neno jingine, mzee yule aliruka, akamdaka mkono na kumvuta kifuani, na wakasimama hapo ukingoni, wamegandana, unyayo mmoja wa Baba uko hewani.

Baba aliurudisha unyayo chini polepole. Hakushtuka. Aliupapasa ule mkono uliomshika, kutoka kwenye kifundo kwenda juu mpaka begani. Ulikuwa unatetemeka, na yeye akatetemeka nao.

"Sasa wewe unatetemeka nini, Mwalimu? Asiyeona ni mimi."

"Naogopa," Mwalimu alisema.

"Haya, ogopa," Baba alisema. "Ila usiniachie mkono."